Kasema "dada" kabla ya "mama": hatua za mtoto na mioyo ya wazazi

Kila kundi la WhatsApp la kina mama lina video hii, na hata kama hujaiona unaijua. Sebule, zulia la manyoya, runinga inawaka nyuma. Mtoto amesimama dede, mikono juu kama aliyekamatwa na polisi. Hatua moja, mbili, tatu, halafu puu, kakalia matako. Anayerekodi anapiga vigelegele. Chini ya video: "Miezi tisa tu jamani! Mungu ni mwema."

Hongera zinamiminika. Baada ya robo saa hivi anaibuka mama mmoja: "Samahani wapendwa, wangu ana mwaka na miezi miwili, hata kusimama dede bado. Ni kawaida?"

Hapo ndipo vurugu huanza. Wa kwanza atasema mtoto wa dada yake alitembea na mwaka na nusu na leo ni mhandisi. Wa pili atashauri magoti yakandwe kwa mafuta ya nazi. Wa tatu atauliza kwa kupindapinda, "Baba yake ametulia lakini?" Wa nne atabandika jedwali la Kiingereza lisilo na chanzo, lenye namba ambazo hazifanani na za jedwali la wiki iliyopita. Aliyeuliza haandiki tena. Ukimtafuta pembeni, utakuta analia.

Nimekaa kwenye makundi haya miaka sita sasa, na naona tunasuka pamoja vitu viwili vilivyopaswa kukaa mbalimbali: kile anachofanya mtoto, na kile kinachotokea ndani ya mzazi anapomtazama mtoto akifanya, au asipofanya.

Hatua ni nini hasa

Mtoto ana namna mbili za kwenda mbele. Kuna kuongezeka: kilo, urefu, mzingo wa kichwa. Haya hupimwa kliniki, muuguzi anaweka nukta kwenye kadi na wewe unachungulia kuona kama bado uko kwenye rangi ya kijani. Na kuna kuweza: kufanya leo asichokiweza mwezi jana. Kuinua shingo, kutabasamu akikuona, kubingirika, kukaa bila mto, kushika punje ya wali kwa vidole viwili, kutambaa, kupunga mkono, kusimama dede, kutembea, kusema. Hatua za ukuaji zinazozungumzwa kwenye makundi ni hizi za pili. Mtoto anaweza kuwa mzito na akachelewa kukaa, na mwingine mwembamba akawa tayari anazurura chini ya meza.

Tatizo ni kwamba tukisikia neno "hatua" tunafikiria ngazi: kila mtoto anapanda kidato baada ya kidato, kwa tarehe. Picha iliyo karibu zaidi na ukweli ni ya kumsubiri mgeni wa basi. Mdogo wako anakuja Mbeya kutoka Dar, basi limeondoka saa kumi na mbili asubuhi. Unajua litaingia jioni, pengine saa moja, pengine saa tatu. Saa mbili usiku huna wasiwasi, unapasha chakula. Likiingia saa kumi na mbili na nusu husemi dereva ana kipaji cha ajabu. Lakini ikigonga saa sita usiku na simu haipatikani, huwezi kusema "kila basi na mwendo wake" ukalala. Unapiga simu kituoni.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilifanya kazi hiyo hiyo kwa watoto. Watafiti waliwafuatilia watoto 816 wenye afya kutoka Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani, wakaandika ni lini kila mmoja alifikia hatua sita za mwili. Matokeo yakatoka mwaka 2006, nayo hayakuwa tarehe bali madirisha. Kukaa bila kushikwa: dirisha linafunguka mtoto akikaribia miezi 4 na kufungwa akipita kidogo miezi 9. Kutambaa kwa magoti na viganja: kuanzia miezi 5 hadi 13 na nusu. Kutembea mwenyewe: kuanzia miezi 8 na siku chache hadi miezi 17 na nusu.

Tazama tena hilo la kutembea. Kati ya mtoto wa kwanza na wa mwisho kuna pengo la miezi tisa, urefu wa mimba nzima, na wote ni wazima. Na takriban watoto 4 kati ya kila 100 hawakutambaa kabisa. Walisota kwa matako, au walikaa, wakasimama, wakaenda zao.

Namba tatu za mtoto mmoja

Kama madirisha yapo, kwa nini majedwali yanapigana? Kwa sababu kila jedwali linajibu swali lake, ila haliandiki swali hilo juu ya ukurasa.

Chukua kutembea. Jedwali moja litasema miezi 12. Huo ni wastani: kwenye utafiti wa WHO ulikuwa miezi 12 na siku kadhaa. Lakini wastani, kwa maana yake yenyewe, huacha karibu nusu ya watoto nyuma. Ukiufanya kuwa tarehe ya mwisho, karibu nusu ya wazazi duniani watalala na hofu bila kosa. Jedwali lingine litasema miezi 15 kwa hatua chache za mwanzo. Hilo mara nyingi limetoka kwenye orodha ya kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, iliyorekebishwa Februari 2022. Waliamua kila hatua iwekwe kwenye umri ambao angalau watoto 75 kati ya 100 wameshaifikia, ili mzazi anayeona mtoto hajafika ajue kuna sababu ya kuuliza, asiambiwe tu "subiri". Kwenye marekebisho hayo kutambaa kuliondolewa, na wataalamu wengine walilalamika. Jedwali la tatu litasema miezi 18, ambao ni umri wa mtoto kwenda bila kushikilia kitu kwenye orodha hiyo hiyo, na ni karibu kabisa na pale dirisha la WHO linapofungwa.

Kwa hiyo miezi 12, 15 na 18 zote ni sahihi. Moja inaeleza mtoto wa katikati, nyingine inaeleza lini uulize, nyingine lini usikae tena nyumbani. Mama wa mtoto wa mwaka na miezi miwili alikuwa ndani ya dirisha. Hakuna aliyemwambia hivyo, maana kila mtu alikuwa akijibu swali lake mwenyewe.

Kuna watoto ambao hesabu yao huanza kwa kutoa. Mtoto njiti aliyezaliwa wiki nane kabla ya wakati, akifikisha miezi sita kwa kalenda, mtarajie kama wa miezi minne. Hesabu hiyo hutumika mpaka afike miaka miwili hivi. Nimeona kina mama wa njiti wakijitesa kwa kulinganisha na jirani aliyejifungua siku moja nao. Ni kama kulaumu ugali haujaiva wakati maji yenyewe yalibandikwa nusu saa nyuma ya mwenzake.

Na je, anayewahi ni mwerevu zaidi? Zurich, Uswisi, waliwafuatilia watoto 222 mpaka wakafika miaka 18. Waliotembea mapema hawakuwa na akili zaidi wala mwili mwepesi zaidi ya waliochelewa ndani ya kawaida. Mazoezi yanaweza kusogeza tarehe kidogo. Huko Kokwet, magharibi mwa Kenya, mtafiti Charles Super aliandika mwaka 1976 kwamba watoto wa Kikipsigis walikaa na kutembea mapema kwa takriban mwezi mmoja kuliko wa Marekani, kwa kuwa mama zao waliwafundisha makusudi. Kutambaa, ambako hakuna aliyekufundisha, hakukuwahi. Kumshika mkono mtoto mkazunguka uwanja ni mchezo mzuri, ufanye. Kile kigari cha plastiki chenye magurudumu anachotumbukizwa mtoto ili "ajifunze kutembea" ni jambo jingine. Hakiharakishi, na kwenye nyumba yenye jiko la mkaa chini ni hatari tupu. Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004.

Baba, dada, mama

Tuingie sasa upande wa mzazi, na nianze na kidonda ambacho wengi wetu tunakicheka hadharani na kukilia faraghani.

Umebeba mimba miezi tisa, umeamka saa nane za usiku, chuchu zimepasuka. Siku mtoto anafungua kinywa anasema: "Baba." Na baba mtu, aliyekuwa amelala, anaamka na kujitangaza mtaa mzima. Mbaya zaidi ni wale tunaorudi kazini. Unaingia nyumbani saa moja jioni, umetoka kwenye foleni, mtoto yuko mgongoni mwa msichana wa kazi na anasema kwa sauti safi: "Dada." Ananipenda dada kuliko mimi. Nililia bafuni siku hiyo, sitadanganya.

Ufafanuzi wake uko kwenye mdomo, moyo haumo kabisa. Kuanzia miezi sita hivi mpaka kumi, watoto wa lugha zote huanza kurudia silabi: ba-ba-ba, da-da-da, ma-ma-ma. B na m ni midomo kufunga na kufunguka tu, d ni ncha ya ulimi kugusa juu. Ndizo sauti rahisi. Mtoto hajamwita mtu yeyote, anajaribu chombo kipya kama mpiga ngoma anayegonga kabla ya shughuli. Ni sisi watu wazima tuliokuja kuzichukua silabi hizo tukazipachika kwa ndugu. Mwanaisimu Roman Jakobson alieleza jambo hili mwaka 1960: ndiyo maana maneno ya mama na baba yanafanana kwenye lugha zisizo na undugu wowote. Mgao wenyewe ni bahati nasibu. Kwa Wajojia, "mama" ni baba mzazi, na mama mzazi ni "deda".

Kiswahili kimetutega vibaya kuliko lugha nyingi, kwa kuwa ukoo wetu karibu wote ni silabi za mtoto: mama, baba, dada, kaka, bibi, babu, nana. Popote atakapogonga, kuna mtu atajibu "Abee!" Mzungu akisikia da-da-da hakuna mfanyakazi wa nyumbani wa kumwonea wivu.

Neno huwa neno anapolitumia kwa mtu au kitu kilekile tena na tena, kwa kawaida karibu na mwaka mmoja. Akisema "mama" kwako, kwa paka na kwa kijiko, bado anapiga ngoma. Na kama nyumba yenu ina bibi anayesema Kihaya, wewe Kiswahili na katuni za Kiingereza, usikubali kuambiwa lugha nyingi zimemchanganya. Hesabu maneno ya lugha zote kwa pamoja. "Maji" ni neno, na "water" aliyoipata kwenye katuni ni neno.

Lile la mtoto kulia unapoondoka nalo lina ufafanuzi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda na akaanza kuzitembelea familia 26 vijijini karibu na Kampala, akikaa sebuleni na kutazama tu. Aliona watoto wanaotambaa wakimwacha mama, wakienda kuchunguza, wakigeuka kumtazama, wakirudi, wakienda tena, kama boti inayotia nanga na kung'oa. Alichokiona huko kikawa sehemu ya msingi wa nadharia ya jinsi mtoto anavyoshikamana na mlezi wake, inayofundishwa leo vyuoni kote. Kulia unapoondoka, kunakoanza karibu na miezi minane, ni hatua ya ukuaji kama kutambaa: mtoto amejua kwamba wewe upo hata asipokuona, na amejua anakutaka wewe. Wanaosema "umemzoesha mgongo, amedeka" wanalaumu mafanikio. Ila moyo wa mama hauna ushindi hapa. Akilia unapotoka unajiona mkatili, na asipolia unajiona huna thamani.

Machozi kwenye vigelegele

Furaha ya mzazi ina mizizi mwilini. Mwaka 2008 huko Houston, Marekani, watafiti waliwaonyesha mama 28 wa mtoto wa kwanza picha za nyuso za watoto huku wakipima ubongo wao. Uso wa mwanawe akitabasamu uliwasha sehemu za ubongo zinazohusika na raha na zawadi, zile zinazomfanya mtu atake tena. Basi ukijikuta umetazama video ya sekunde kumi mara thelathini, hujarukwa na akili.

Kisichosemwa ni ile huzuni inayokuja mgongoni mwa furaha. Unakunja nguo za miezi mitatu kuziweka kwenye mfuko wa kumpelekea wifi aliye mjamzito, na ghafla koo linakaba. Siku ya kumwachisha ziwa, mtoto amekubali uji bila shida, wewe ndiye unayezunguka na kanga kifuani. Kila hatua ni mtoto anakujia na mtoto anaondoka, kwa wakati mmoja. Hapo awali alikuwa anakuhitaji kugeuka, sasa anageuka. Kiswahili hakina neno moja la hali hii, na nadhani ndiyo maana tunaificha: mtu akikukuta unalia mbele ya mtoto aliyetembea atauliza umerogwa na nini. Hujarogwa. Baba nao wanayo, ila wao huigeuza kuwa mzaha au kununua mpira.

Kuna wivu pia, ambao sina mengi ya kuutetea wala kuulaani. Ukiona video ya miezi tisa na kitu kikakuchoma, kimekuchoma. Nyamazisha kundi, ukale.

Hali nyingine haifanani na hizi. Mtoto anatabasamu kwa mara ya kwanza, wiki ya sita au ya nane, na wewe huhisi kitu. Hakuna furaha wala huzuni, ni kama unatazama mtoto wa watu kwenye runinga. Machozi ya siku chache za mwanzo baada ya kujifungua ni ya kawaida na huisha ndani ya wiki mbili. Yakipita hapo, au ukawa huna usingizi hata mtoto anapolala, huna hamu ya chakula, unawaza kwamba mtoto angekuwa salama zaidi bila wewe, hiyo inaweza kuwa sonona ya baada ya kujifungua. WHO inakadiria kwamba takriban mama 13 kati ya 100 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na kwenye nchi zinazoendelea wanakaribia 20. Kwenye kliniki yenye foleni ya kina mama hamsini, hao ni kumi. Inatibika, nayo haitokani na kutompenda mtoto. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, usiende peke yako.

Aibu inayoficha mtoto

Turudi kwa yule wa tatu kwenye kundi, aliyeuliza kama baba ametulia. Swali lake lina jina: kubemenda.

Sehemu nyingi za Tanzania watu huamini kwamba wazazi wakivunja miiko ya kipindi cha kunyonyesha, hasa mmoja akitoka nje ya ndoa au mama akishika mimba nyingine mapema, mtoto hudhoofu, huharisha, huchelewa kukaa na kutembea. Pwani ya Kenya, kwa Wamijikenda, kuna chirwa ya namna hiyo hiyo. Siicheki imani hii, kwa maana ndani yake kuna jambo ambalo bibi zetu waliliona kwa macho. Mtoto anayekatishwa ziwa ghafla kwa sababu mdogo wake yuko tumboni huweza kudhoofika kweli. Neno kwashakoo lenyewe liliingia kwenye udaktari miaka ya 1930 kupitia Dkt. Cicely Williams aliyekuwa Accra, Ghana, na kwa lugha ya Wagaa wa huko linahusu ugonjwa unaompata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa. Miiko ilikuwa uzazi wa mpango wa zamani.

Tatizo ni pale imani hii inapofanya mguu wa mtoto kuwa ushahidi mahakamani. Mtoto hajasimama, basi mama ana mtu, au baba ana mtu. Wazazi wanaoogopa kunyooshewa kidole humficha mtoto chumbani, wanaacha kliniki, wanatafuta dawa za kienyeji kwa siri. Kinachoweza kuwa utapiamlo, upungufu wa damu, nyayo za kupinda au mtindio wa ubongo kinakaa mwaka mzima bila kuonwa, kwa sababu ya aibu ya kosa ambalo huenda halikutendwa na kwa vyovyote halifikii goti la mtoto.

Meno yana kesi yake pia. Kamusi zetu bado zina neno kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, aliyedhaniwa kuleta nuksi, na kuna wakati vigego hawakuachwa kuishi. Leo watu hucheka, lakini bado namfahamu mama aliyeficha mdomo wa mwanawe mpaka ya chini yakatoka. Mengi huanza chini karibu na miezi sita, mengine huanza juu, basi. Lile la "meno ya plastiki" halichekeshi hata kidogo: mtoto ana homa na kuharisha, anapelekwa kwa mtu anayechimba ufizi na kutoa kijino kichanga akidai ndicho ugonjwa. Hicho ni chipukizi la jino halali. Homa kali haisababishwi na meno. Umri huo mtoto anatia kila kitu kinywani na kinga aliyoipata kwa mama inapungua, kwa hiyo anaugua, na anayeugua hupimwa.

Anakusoma

Hisia zako haziishii kwako. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani waliwaweka watoto wa mwaka mmoja juu ya meza ya kioo. Nusu ya meza ilionekana kuwa na shimo chini yake, ingawa kioo kilikuwa kizima. Mama alisimama ng'ambo na kuagizwa aonyeshe uso fulani bila kusema neno. Watoto 19 waliona uso wa furaha: 14 walivuka. Watoto 17 waliona uso wa hofu: hakuna hata mmoja aliyevuka.

Huhitaji maabara. Mtoto akijikwaa, tazama: kabla ya kulia anakutazama usoni, kana kwamba anauliza, "Nimeumia?" Bibi akiruka "Mamaaa, mwanangu!", kilio kinapanda. Ukisema "Pole, haya, tumchape huyu sakafu mkorofi," anasaidia kuchapa na safari inaendelea. Kwa hiyo ule wasiwasi uliouchukua kwenye video ya jirani, ukikaa naye chini kumlazimisha asimame huku paji limekunjamana, yeye anaona uso tu. Anaona kioo chenye shimo.

Lini upige simu kituoni

Subira ni nzuri ndani ya dirisha. Nje yake inamchelewesha mtoto anayeweza kusaidiwa. Mpeleke aonwe kama amefika miezi mitatu na hatabasamu kwa watu, miezi tisa na hawezi kukaa, mwaka mmoja na habwabwaji wala hapungi mkono wala haonyeshi kwa kidole, mwaka na nusu na hatembei au hana neno hata moja. Umri wowote ule, mpeleke kama hashtuki wala hageukii sauti, kama mwili wake ni mlegevu sana au mkakamavu sana, kama anatumia mkono mmoja tu kabla hajafikisha mwaka. Na kama alikuwa akifanya jambo, akisema, akitembea, akikutazama, kisha akaacha, usisubiri tarehe ya kliniki. "Wa kiume huchelewa kuongea" si sababu ya kukaa nyumbani.

Ukifika usiridhike na "atatembea tu mama, nenda nyumbani" kama roho yako haijatulia. Omba atazamwe amevuliwa nguo, chini, akicheza. Chukua video nyumbani uende nayo, kwa sababu mbele ya koti jeupe watoto wengi hugoma kila kitu wanachokijua.

Mwanangu alitembea Jumamosi, akiwa na miezi kumi na tatu na siku nne, kutoka kwenye kochi mpaka kwenye ndoo ya maji. Niliandika kwenye daftari, nikapiga simu kwa mama, nikalia. Miaka miwili baadaye, dada akiwa ameshaolewa na amekuja kutusalimia, aliniambia huku akiangalia chini kwamba mtoto alitembea Alhamisi, mimi nikiwa kazini. Alimwona, akapiga vigelegele peke yake jikoni, kisha akaamua kunyamaza ili nione wa kwanza.

Daftarini bado imeandikwa Jumamosi.